Zulia la Ukuta kwa Ukuta

Mazulia yalikuwa yamesimamishwa wima pande zote, yamebanana kama watu wa foleni, na njia iliyobaki katikati ilimtosha mtu mmoja kupita ubavuubavu. Fundi Chapchap alitanguliza bega la kushoto, akavuta tumbo ndani, na kabla hajafika katikati ya duka alishageuka mara mbili kuangalia mlango uko wapi. Vumbi la sufu lilimpanda puani. Akapiga chafya.

"Pole, mkwe," sauti ikasema nyuma yake.

Aliyesema ni baba mkwe wake, Mzee Pima, aliyekuwa ameshikwa mkono na binti yake, yaani mke wa Chapchap. Walikuwa wametoka hospitali ya macho asubuhi hiyo hiyo. Daktari hakuzunguka: macho yaliyokwenda hayarudi, mzee ataendelea kuona mwanga na vivuli, basi. Kuanzia leo angeishi kwa binti yake, jambo lililopangwa tangu mwanzo wa wiki, na binti akaona si vizuri baba afikie sebule iliyotandikwa plastiki iliyochanika.

"Tupitie dukani," alisema wakiwa bado kwenye ngazi za hospitali. "Baba achague zulia mwenyewe. Ndiye atakayekaa juu yake mchana kutwa."

Chapchap akakubali kabla sentensi haijaisha. Miaka yote mkewe alipotaja zulia, yeye alijibu kwamba zulia ni nyumba ya viroboto. Lakini wiki hii alilitaka zulia kuliko mtu yeyote mjini, na sababu yake hakuwa amemwambia mtu.

Mzee Pima hakuwa baba mkwe tu. Ndiye aliyemfundisha uashi, tangu siku ya kwanza ya kubeba tofali. Jina la Pima alipewa kwa ajili ya pima maji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji ndani, kinachomwambia fundi kama ukuta umelala au umenyooka. Mzee hakukiacha hata akienda msibani. Na kwenye sakafu alikuwa na sheria moja. Ukishajaza kifusi ndani ya msingi, humwagi zege juu yake hata mwenye nyumba akikupigia magoti. Kwanza unakinywesha kifusi maji, siku saba, asubuhi na jioni, unashindilia, unakinywesha tena, mpaka kilale.

"Kifusi kina kiu," alikuwa akiwaambia mafundi wake. "Msipokinywesha ninyi, kitakunywa mvua, na kikishakunywa kitashuka, na sakafu yenu kitashuka nayo."

Miaka kumi na minane iliyopita, Chapchap alikuwa akijenga nyumba yake ya ndoa. Mzee alikuwa ameitwa kwenye kazi ya mbali kwa siku tisa. Maji yalikuwa ya kuchota bondeni, harusi ilikuwa karibu, na lile jina la Chapchap alilopewa na wenzake lilikuwa tamu masikioni mwake kuliko sasa. Akakinywesha kifusi siku moja. Siku ya pili akamwaga zege. Mzee aliporudi alikuta sakafu imelainishwa, inang'aa kama kioo. Aliinama, akaipapasa kwa kiganja, akauliza swali moja.

"Ulikinywesha?"

"Siku saba, mzee."

Basi. Mzee alisimama, akafuta kiganja kwenye suruali, na tangu siku hiyo kila aliyemuuliza fundi wa sakafu alimjibu: nenda kwa mkwe wangu, sakafu ya yule naiapia. Chapchap alipata kazi zake nzuri zote kwa neno hilo.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, baada ya mvua kubwa, sakafu ya sebule yake ikaanza kushuka. Ufa ulianzia kwenye kizingiti cha mlango, ukaenda kombo mpaka chini ya dirisha, na upande mmoja ukainama kiasi kwamba chungwa likianguka linajiendea lenyewe ukutani. Mke aliuliza kulikoni. Chapchap alitazama nje ya dirisha, akaona mparachichi wa jirani, na mdomo wake ukasema: "Mizizi." Kukawa na ugomvi wa mwezi mzima. Mwishowe jirani, mama mmoja mjane ambaye maparachichi yake yalikuwa yakiliwa mtaa mzima, akaita watu wenye msumeno wakaukata mti wake huku yeye analia. Ufa haukujali. Uliendelea na safari yake.

Mzee tangu wakati huo hakuwa amefika pale, na binti yake, akiamini ni mizizi, hakutaka kumsumbua kwa habari ya ufa katika sakafu aliyoiapia. Chapchap alikuwa akimtembelea yeye, tena mara nyingi, na watu wakamsifu kwa hilo. Sasa mzee anakuja kukaa. Plastiki inaficha ufa kwa mwenye macho, lakini Mzee Pima ndani ya nyumba havai viatu, na nyayo zake zilikuwa zimekanyaga sakafu mbichi kwa miaka hamsini. Hatua mbili tu, angejua.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo Fundi Chapchap katikati ya mazulia.

"Karibuni, karibuni," alisema mwenye duka, mtu mnene mwenye penseli sikioni. Alipita kwenye zile njia kama samaki, na hakuna aliyejua vipi. "La chumba, la ofisi, la sebule?"

"La sebule," mke akajibu. "Nimepima kabisa. Tatu kwa nne."

"Nne kwa tano," Chapchap akasema.

Mke akageuka. "Nne kwa tano si sebule nzima?"

"Ndiyo. Ukuta kwa ukuta."

"Wewe? Mwanaume unayenyoosha misumari iliyopinda ili uipigilie tena, leo unataka ukuta kwa ukuta?"

"Ni kwa ajili ya baba."

Mke akamtazama jinsi mtu anavyotazama nyama aliyopunguziwa bei bila kuomba. Alimkalisha baba yake juu ya zulia lililoviringishwa, akamvua viatu, na mwenye duka akaanza kufungua bidhaa yake miguuni pa mzee.

La kwanza lilikuwa jembamba, limefumwa kwa kukaza, halina manyoya. Mzee alilikanyaga kwa kisigino, kisha kwa vidole, akasogea hatua moja, akarudi.

"Hili," akasema.

"Baba, ndilo la kwanza hilo. Hujagusa mengine."

"Ya nini kugusa mengine? Hili nasikia sakafu chini yake." Aligeuza uso upande aliodhani mkwe wake yupo, akapatia. "Mkwe, wewe utanielewa. Macho yangu ndiyo hayo, yamestaafu. Nimebaki na nyayo. Nikiwa ndani nataka nijue hapa ni katikati, hapa nimekaribia ukuta, hapa ni mlangoni. Sakafu inaniambia. Mkinitandikia magodoro nitapotea chumbani kama mtoto."

Chapchap alihisi kana kwamba yale mazulia yamesogea karibu zaidi.

"Nene kabisa lipo?" akamuuliza mwenye duka.

"Lipo moja huko nyuma. Mguu unazama mpaka kifundoni. Lakini ni zito, linataka wanaume wawili."

"Lete."

Likaletwa. Rangi yake ilikuwa ya zabibu, limezungushiwa ukingo wa dhahabu, na manyoya yake marefu yalilala huku na huku kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mke alipoliona akashika kifua. Mzee alipolikanyaga akacheka.

"Hili si zulia, hili ni kondoo. Liacheni likalale."

"Ni laini, baba," Chapchap akasema.

"Ndiyo ubaya wake."

Mwenye duka, ambaye alikuwa mtu mkweli kuliko inavyotakiwa kwa mfanyabiashara, akajikuna kichwa kwa penseli. "Kusema kweli wanaochukua hili wengi sakafu zao zina matatizo. Linafunika. Yenu ni mbaya?"

Mzee Pima akaacha kucheka. "Mbaya? Bwana, unajua uko na nani hapa? Huyu unayemwona, mimi nilimpokea hajui kushika mwiko. Sakafu za mji huu nazijua, nyingine nimezifumua kwa mikono yangu. Ya huyu pekee ndiyo niliyoiapia. Uliza mtu yeyote. Alikinywesha kifusi siku saba, na hapo bibi harusi anamsubiri!"

"Hongera, fundi," akasema mwenye duka.

"Asante," akasema Chapchap, akatazama dari. Dari nayo ilikuwa na mazulia.

Mke alikuwa amepiga goti, anapitisha vidole kwenye ule ukingo wa dhahabu. Chapchap akaona upenyo, akauingia.

"Daktari amesema mzee asianguke. Akianguka, presha ya macho inapanda. Sasa juu ya zulia jembamba, akiteleza je?"

"Daktari alisema matone mara tatu kwa siku," mke akasema bila kunyanyuka. "Hilo la kuanguka alilisema saa ngapi?"

"Ulikuwa umeenda dirisha la dawa."

Uongo huu ulitoka laini kuliko ule wa miaka kumi na minane. Kinywa nacho kinazoea kazi.

Mzee akapapasa viatu vyake, akavivuta karibu. "Basi. Nyumba ni yako, mkwe. Mimi ni wa kupokelewa tu," akasema, na akachukua muda mrefu kufunga kamba, kwa sababu hakutaka kusaidiwa.

Wachukuzi wawili walilifikisha zulia kwa pikapu, wakalishusha mbele ya nyumba huku wanaguna. Nyumba ya Chapchap ilikuwa ya sebule moja, vyumba viwili vinavyotokea humo sebuleni, na mlango mmoja tu wa kutokea nje. Jiko na choo vilikuwa uani. Kwa kuwa vumbi ni baya kwa macho yaliyotoka kutibiwa, mke alimkalisha baba yake nje kivulini, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kisiki cha mparachichi wa jirani, mpakani. Jirani mwenyewe akatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ni kiti chako hiki?"

"Kimekuwa kiti. Zamani kilikuwa chakula."

Ndani, wachukuzi walitoa plastiki ya zamani. Mmoja akasimama, akainama, akapitisha vidole kwenye ufa.

"Bosi, huu ni mtaro kabisa. Na hapa pameshuka. Tukutafutie mchanga tujazie?"

"Tandika," Chapchap akasema kwa sauti ya chini. Alikuwa amekwisha kukata maboksi tangu jana, akayaficha chini ya kitanda. Akayapanga pale palipoinama, moja juu ya jingine, akayakanyaga. Wachukuzi wakatazamana. Wakatandika.

Zulia lilijaa sebule yote. Lilifika ukuta wa huku, likafika ukuta wa kule, na kipande cha mwisho, upande wa mlango, kikabaki kimekunjika juu ya mwenzake kwa sababu mlango ulikuwa wazi ndani na haukuacha nafasi.

"Hiki cha mlangoni tukikate," akasema mchukuzi wa pili. "Mlango wako unafungukia ndani, bosi, na zulia lenyewe ndiyo hivyo ulivyoliona. Utakuwa hufungui."

Ushauri mzuri, na kwa siku nyingine Chapchap angeusikia, maana katika maisha yake alikuwa amening'iniza milango isiyo na idadi. Lakini wakati huo huo dirishani ilipita sauti ya jirani.

"Basi baba, huu mti wangu wakasema mizizi yake inaingia kwa mkweo, ndani kabisa, mpaka..."

"Acheni!" akasema Chapchap. "Nitamalizia mwenyewe." Akawasukuma wachukuzi nje, akatoka mbio, akamshika mzee mkono. "Baba, twende ndani. Jua kali."

"Nipo kivulini, mkwe. Huyu mama ananisimulia habari ya..."

"Atasimulia siku nyingine. Zulia liko tayari."

Akamwingiza, mke akafuata, na Chapchap akaubamiza mlango nyuma yao. Kile kipande kilichokunjika akakipiga teke, kikafunguka. Akakisukuma kwa miguu, akakibana kabisa mlangoni, mpaka ukingo wa dhahabu ukalala sambamba na ubao. Ufa ukapotea. Maboksi yakapotea. Alisimama akatazama sebule nyekundu ya zabibu kutoka kona hadi kona, na hata yeye mwenyewe, kama asingejua, asingejua.

Mzee alivua viatu, akatembea katikati ya chumba kwa mikono iliyonyooka mbele. "Limenimeza," akasema. "Kiti kiko wapi?" Binti yake akamkalisha. Naye Chapchap, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, akakaa akaegemea.

Raha hiyo haikufika hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Mwanangu," mzee akamwambia binti yake, "nitoe uani. Wale wa hospitali wamenijaza maji kama pipa."

Mke akaenda mlangoni, akavuta. Mlango ukafunguka upana wa vidole viwili, ukagota. Akavuta tena. Manyoya ya zulia yalikuwa yamejikusanya chini ya ubao kama kabari.

"Baba watoto, njoo uvute."

Chapchap akavuta. Aliweka mguu ukutani akavuta kwa mikono miwili, komeo likalia, mlango ukabaki pale pale. Alikuwa ameutundika mwenyewe, ukingo wa chini umepanda juu ya sakafu kwa unene wa kidole, kazi safi. Zulia lilikuwa na unene wa vidole viwili. Akaenda chumbani kutazama dirisha: nondo, tena amezichimbia mwenyewe, kwa zege lenye saruji ya kutosha. Chumba cha pili, nondo. Akarudi, akachukua kisu cha mezani, akajaribu kung'oa pini za bawaba. Zilikuwa zimepakwa rangi miaka yote hiyo zikashikana na chuma. Kisu kikapinda.

Kwenye dirisha la sebule kikatokea kichwa cha jirani.

"Kulikoni huko? Nasikia watu wanapigana na mlango."

"Umekwama," mke akasema. "Zulia limeukaba."

"Ukuta kwa ukuta! Mmejifunga wenyewe na kufuli hamna?" Akacheka mpaka akashika nondo. "Jamani, si mlikunje tu?"

Mke akamgeukia mumewe. "Kweli. Likunje."

"Haliwezi kukunjwa," Chapchap akasema. "Likiwa jipya likikunjwa linaweka alama."

"Mbona lilikuja limekunjwa?" akauliza jirani.

Chapchap akasogea dirishani. "Mama, nisaidie. Kwenye stoo kuna nyundo na tindo, nipenyezee hapa. Ufunguo huu."

"Tindo ya nini? Unataka kuvunja mlango mzima kwa sababu ya kipande cha zulia?"

"Nipe tu nyundo."

"Siendi. Kunja zulia. Kazi ya mkono mmoja hiyo."

"Baba watoto," mke akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "unaficha nini chini ya hilo zulia?"

"Nafichaje? Kuna sakafu."

"Tangu asubuhi hupo sawa. Unataka nene, unataka kubwa, daktari kasema, jua kali. Sasa mlango haufunguki na kitu cha kufanya kinaonekana hata na mtu aliye nje. Kwa nini hukunji?"

Alisimama na kile kisu kilichopinda mkononi. Mbele yake mlango, nyuma yake mke, dirishani jirani, na kwenye kiti mzee aliyekuwa amekwisha kubana magoti. Chumba kilikuwa na joto. Manyoya yalimpanda mpaka kifundoni.

"Nitajaribu tena kuvuta," akasema. Akavuta. Kitasa kikang'oka kikabaki mkononi mwake.

"Mkwe," mzee akaita.

Aliita kwa sauti ndogo, ile ambayo zamani aliitumia kwenye kazi pale alipotaka mtu mmoja tu asikie.

"Naam, baba."

"Mimi ni mtu mzima. Nimepoteza macho leo na sikupiga kelele. Usinifanye nijiaibishe kitini, mbele ya binti yangu. Kunja zulia."

Chapchap akamtazama. Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti, mishipa imemtoka shingoni, uso umeelekea pale mwanga wa dirisha ulipokuwa. Miaka kumi na minane Chapchap alikuwa akiogopa aibu moja, ya kwake. Sasa zilikuwa mbili chumbani, na moja ilikuwa lazima itoke.

Akapiga magoti. Akaingiza vidole chini ya ukingo wa dhahabu, akavuta. Zulia likaviringika polepole, zito kama mtu aliyelala, na nyuma yake yakaanza kutokea maboksi.

"Haya maboksi ya nini?" mke akauliza. Kisha akaona jinsi yalivyojazia pale palipoinama, kando ya ule ufa, akamgeukia baba yake.

Mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, na Mzee Pima, ambaye mwanga ndio aliobaki nao, akanyanyuka akaufuata bila kusubiri kushikwa, mkono mmoja ukutani. Alipita juu ya zulia hatua tatu, akalivuka pale lilipoviringika. Ya nne ikatua kwenye sakafu yenyewe.

Alikuwa na haja, na bado alisimama. Kidole gumba cha mguu kikaingia kwenye ufa, kikaufuata kidogo huku, kikaufuata kule. Akahamisha uzito kwenye mguu wa pili, upande ulioshuka. Akagonga kisigino mara moja. Pakatoa mlio mtupu, kama mtungi.

"Ulikinywesha?" akauliza.

"Siku moja, baba."

Mzee akautoa mguu kwenye ufa. Jirani alikuwa ameshazunguka mpaka mlangoni. Akamshika mzee mkono, akampeleka uani.

Walibaki wawili. Mtu akiaibika hutamani ardhi ipasuke immeze. Ya Chapchap ilikuwa imepasuka tayari, ila si kwa upana wa kutosha. Alibaki amepiga magoti, kitasa cha mlango bado kiko mkononi.

"Na mizizi?" mke akauliza.

Akatikisa kichwa.

"Yule mama alilia wiki nzima. Mimi nilikwenda kumgombeza. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia mti wake unatubomolea nyumba." Akakaa juu ya zulia lililoviringika, akajifunika uso kwa kanga. "Usiniguse."

Mzee aliporudi hakuingia ndani. Aliketi pale pale kwenye kisiki. Chapchap akatoka, akasimama mbele yake kama siku ile ya kwanza alipokwenda kuomba kazi, mikono hajui aiweke wapi.

"Ulizopata kwa neno langu ni nyumba ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi na moja, baba."

"Nazo?"

"Hizo nilizinywesha. Zote, siku saba saba. Baada ya hii sikurudia tena. Naapa."

"Usiape. Kuapa nimekwisha kuapa mimi, na ona nilipokaa." Alipapasa kisiki kwa kiganja, akafika ukingoni, akazunguka nao wote. "Mti mkubwa huu."

"Ulikuwa," jirani akasema. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Aliyasikia yote, na hakuwa anacheka tena.

"Mkwe, vile viatu vyangu viache huko huko ndani," mzee akasema. "Utanipeleka kwenye hizo nyumba. Moja moja. Nitazikanyaga mwenyewe."

"Leo?"

"Mimi nina kazi gani nyingine?"

"Wakiuliza tumefuata nini, baba?"

"Utawaambia. Si mimi, wewe. Utasema: huyu mzee aliiapia kazi yangu, nami nilimdanganya, amekuja kuangalia. Mlango hadi mlango. Tukimaliza, utafumua hii yako, utatoa hicho kifusi, na utakinywesha. Na siku nitazihesabu mimi."

Chapchap akafikiria mlango wa kwanza. Akamfikiria mwenye nyumba ya pili, mtu wa maneno, na yule wa tano ambaye hujaza watu barazani kwake. Alitaka kusema kwamba ingetosha wao wawili tu kujua. Mzee alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, anasubiri kuongozwa. Akaushika. Au alidhani ameushika. Vidole vya mwashi wa miaka hamsini vilimzunguka kifundo cha mkono vikafunga, na alipojaribu kukaa sawa havikulegea hata kidogo.

"Ya karibu ni ipi?" mzee akauliza.

"Ni baraza ya huyu mama hapa. Niliimwaga mwaka wa pili baada ya harusi."

"Tuanzie hapo. Mama, unatukaribisha?"

Jirani akamtazama Chapchap kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu iliyojaa manyoya ya zabibu.

"Wewe baba karibu, kanyaga," akasema. "Huyu atasimama hapo nje kwanza. Ana neno la kuniambia kuhusu mti wangu, na nataka aliseme kwa sauti, mtaa usikie."